Walipimwa sokoni, wakaachwa sokoni: kisa cha Siku ya Presha katika soko moja la Moshi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika soko mojawapo la Manispaa ya Moshi. Jina la soko, mwaka, shirika lililofadhili, kituo cha afya na majina ya wahusika vimeondolewa. Umri na biashara za watu kadhaa vimebadilishwa, na idadi zimezungushwa ili eneo lisitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya waratibu wa afya, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wa masoko na yeyote anayeitwa ofisini na kuambiwa "tuandalie siku". Nilihudhuria vikao vya kamati nikiandika kumbukumbu, hivyo mengi humu yametoka katika daftari la kamati na rejista ya kituo.

Mazingira

Siku ya Shinikizo la Juu la Damu Duniani, ambayo mtaani huitwa tu Siku ya Presha, huadhimishwa tarehe 17 Mei. Ilianza mwaka 2005 kwa juhudi za World Hypertension League, umoja wa kimataifa wa mashirika yanayopambana na presha. Hapa Moshi tarehe hiyo huangukia mwisho mwisho wa masika: soko limejaa matope, mlima umejifunika mawingu, na karibu kila mtu amevaa sweta. Msomaji alikumbuke hilo la sweta.

Hoja ya kuwa na siku kama hii haina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Kuna taarifa ya zamani zaidi ambayo ni ya hapa jirani kabisa. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walipima watu katika eneo moja la Dar es Salaam na katika kijiji cha Shari, wilayani Hai. Waliokuwa wakijijua kuwa na presha hawakufika mmoja kati ya watano, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata asilimia moja. Presha haiumi. Mtu anabeba mkungu wa ndizi, anapiga soga, anafunga hesabu zake jioni, na mishipa inaendelea kuharibika bila yeye kuhisi lolote.

Soko tunalolizungumzia lina wafanyabiashara wa vizimba wanaokuwepo kila siku, na lina siku za gulio ambapo akina mama hushuka kutoka vijiji vya juu na ndizi, magimbi, parachichi na maziwa. Kuna wauza nafaka, wauza mitumba, mama lishe, wapagazi, na kijiwe cha bodaboda langoni. Kituo cha afya hakiko mbali. Kwa bajaji ni dakika chache. Kina kliniki ya presha na kisukari asubuhi moja kila wiki.

Kilichoamsha mambo ni mama muuza vitunguu aliyeanguka kizimbani kwake kwa kiharusi. Alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi kama zamani. Uongozi wa soko ukaenda kuomba msaada kwa shirika moja dogo la kijamii, shirika likaenda kituoni, na kamati ikaundwa.

Siku ilivyopangwa

Uamuzi wa kwanza ulihusu tarehe. Tarehe 17 mwaka ule iliangukia siku isiyo ya gulio. Mwakilishi wa shirika alitaka tarehe yenyewe, kwa sababu taarifa yake kwa wafadhili ingesomeka vizuri. Mwenyekiti wa akina mama wa soko, mama wa makamo anayeuza ndizi mbivu, akasema waziwazi kwamba siku hiyo watapima mbwa na kunguru. Shughuli ikasogezwa hadi siku ya gulio iliyofuata. Huo ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote yaliyofanyika katika awamu ya kwanza, nao ulitoka kwa mtu asiye na cheti chochote cha afya.

Uamuzi wa pili ulihusu fedha. Bajeti ilikuwa na turubai, viti, spika na mshereheshaji, fulana zenye kauli mbiu, mabango, maji ya kunywa, chakula cha mgeni rasmi na msafara wake, posho za wahudumu, na betri za mashine. Niliipitia tena baadaye nikitafuta mstari wowote unaohusu kesho yake, nikakosa. Hakukuwa na mtu aliyepangiwa kufuatilia, wala daftari, wala hela ya vocha za kupigia simu.

Sisemi bajeti ile ilitungwa na watu wazembe. Walifuata mfano uliopo. Ukiangalia siku nyingi za afya tunazoadhimisha, iwe 7 Aprili, siku ya kuanzishwa kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1948, au 1 Desemba, Siku ya UKIMWI iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1988, utaratibu ni uleule: maandamano, matarumbeta, hotuba, upimaji wa bure pembeni ya uwanja, picha ya pamoja. Mtu akikabidhiwa kazi ya kuandaa siku, huo ndio mchoro anaoujua.

Uamuzi wa tatu ulihusu watakaokutwa na presha. Wangepewa karatasi ya njano yenye maneno haya: "Fika kituo cha afya kilicho karibu nawe." Basi.

Siku yenyewe

Watu walianza kujipanga saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi alifika karibu saa tano, na kwa kuwa itifaki haikuruhusu upimaji uanze kabla ya hotuba, foleni ilisimama kwenye matope muda wote huo. Wengine walirudi vizimbani. Wengine wakanunua kahawa kwa muuza kahawa aliyekuwa akizunguka na birika lake, wakainywa wakiwa kwenye mstari.

Upimaji ulipoanza, ulikwenda mbiombio. Mashine zilikuwa tatu, moja ikazima mapema. Mtu anafika, anakaa kwenye kigoda kisicho na egemeo, mkono unaning'inia, mkanda wa mashine unafungwa juu ya sweta, namba inasomwa, jina na mtaa vinaandikwa, na mwingine anaitwa. Mkanda ulikuwa wa saizi moja, na akina mama wenye mikono minene walibanwa nao hivyohivyo.

Anayefahamu upimaji wa presha ameshaona tatizo. Mtu anatakiwa akae ametulia kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa, mkono wazi umelazwa usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa, amevuta sigara au amefanya kazi nzito ndani ya nusu saa iliyotangulia, na asiwe amebana mkojo. Apimwe mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili. Hata hapo, isipokuwa namba iwe kubwa mno, hatangazwi kuwa mgonjwa wa presha mpaka vipimo virudiwe siku nyingine na kukutwa 140 kwa 90 au zaidi. Pale sokoni karibu kila kanuni ilivunjwa, na nyingi ya kasoro hizo husukuma namba juu.

Waliopimwa walikuwa mia tatu na kitu. Mia moja hivi waliondoka na karatasi ya njano.

Elimu, hata hivyo, ilifanyika vizuri kuliko nilivyotarajia. Muuguzi mmoja aliachana na hotuba aliyoandikiwa, akachukua kijiko cha chai cha mama lishe na kuonyesha kiasi cha chumvi ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikizidishe kwa siku: chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja hicho kisichojaa vizuri, tena kikijumlisha ile iliyoko ndani ya mtori, mkate, na ile anayojinyunyizia kwenye nyama choma. Mama lishe wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe juu ya sufuria la nani lina chumvi zaidi. Ubishi ule ulidumu sokoni wiki kadhaa, na nathubutu kusema ulifanya kazi kubwa kuliko fulana.

Mangi wa nafaka

Karibu na saa saba alipimwa mzee mmoja muuza nafaka, ambaye sokoni wote wanamwita Mangi. Mashine ikasoma 214 kwa 122. Muuguzi, binti mdogo, akamwambia, "Baba, tulia kidogo hapa kivulini, nitakupima tena."

"Mimi mzima kabisa, binti yangu," Mangi akajibu. "Mashine yenu ndiyo mgonjwa."

Watu wakacheka. Akakaa shingo upande, akapimwa tena baada ya kupumzika, na namba ikashuka kidogo tu. Hapo mzozo ukazuka nyuma ya turubai. Mmoja wa wahudumu alitaka apewe nifedipine chini ya ulimi ili ishuke haraka kabla watu hawajaanza kushangaa. Tabibu aliyekuwa zamu akakataa. Alimuuliza mzee maswali: kichwa kinauma sana? Kifua? Unaona vizuri? Kuna upande wa mwili uliolegea, au pumzi inakubana? Majibu yote yalikuwa hapana. Akaamua apelekwe kituoni siku ileile, apimwe vizuri, aanzishiwe dawa za kumeza na arudi kuonwa ndani ya siku chache.

Sababu yake inafaa kueleweka na kila anayesimama kwenye meza ya upimaji. Presha iliyopanda sana bila dalili za kiungo kuathirika haihitaji kuangushwa dakika hiyohiyo. Mwili uliozoea msukumo mkubwa kwa miaka ukishushiwa ghafla, damu inaweza kutofika vya kutosha kwenye ubongo au moyo, na mtu akapata kiharusi mikononi mwa wanaomtibu. Ndiyo maana mtindo wa nifedipine chini ya ulimi uliachwa. Kama angekuwa na dalili hata moja kati ya zile, hiyo ingekuwa dharura ya kukimbizwa hospitali.

Mangi hakutaka kufunga duka siku ya gulio. Aliyemshinda ni Mama Mwenyekiti, ambaye alimwambia atakaa yeye na magunia yake mpaka arudi, na akaita bajaji. Katika watu wote waliopewa karatasi ya njano, Mangi ndiye pekee aliyesindikizwa.

Baada ya turubai kushushwa

Taarifa ya shirika ilitoka haraka, ikiwa na picha na idadi ya waliofikiwa. Kwenye makaratasi shughuli ilikuwa imefana.

Mwezi ulipokwisha, mganga mfawidhi wa kituo aliombwa ahesabu karatasi za njano zilizofika mezani kwake. Hazikufika ishirini. Kamati ikawatuma wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakaulize sokoni, na majibu waliyorudi nayo yalikuwa ya aina nyingi.

La kwanza lilitufanya tutazamane. Kliniki ya presha ya kituo kile ilikuwa asubuhi ya siku ya gulio. Siku ambayo akina mama hawa hupata sehemu kubwa ya kipato cha wiki ndiyo waliyotakiwa wakae kwenye benchi la kliniki mpaka saa saba. Wote kwenye kamati walijua siku ya gulio, na wote walijua siku ya kliniki. Hakuna aliyeziweka pamoja.

Wengine walikwenda siku nyingine, wakaambiwa warudi siku ya kliniki. Wengine walionwa, wakaandikiwa dawa, dirishani wakaambiwa imekwisha, wakanunue duka la dawa. Walinunua za wiki mbili, zikaisha, wakaacha. Wapo walioogopa kuanza kwa sababu "dawa za presha ukizianza ndiyo umefungwa nazo", wakachagua kitunguu saumu na majani ya mlonge. Mama mmoja alikuwa akigawana vidonge na jirani yake mwenye presha ya siku nyingi, nusu kwa nusu, na aliona amefanya jambo la busara.

Kundi lililoleta madhara zaidi kwa imani ya watu ni lile lililofika kituoni, likakaa, likapimwa kwa utulivu na kukutwa lina presha ya kawaida. Kitaalamu hiyo ilikuwa habari njema. Sokoni ilisomeka hivi: wale watu wa turubai ni waongo. Na waliokuwa na presha kweli wakapata sababu ya kutokwenda.

Kikao kilichobadilisha mwelekeo

Kikao cha tathmini kiliitwa hasa ili kupanga shughuli inayofuata. Shirika lilikuwa na fedha za kuadhimisha Siku ya Kisukari tarehe 14 Novemba, siku ya kuzaliwa kwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini. Pendekezo lilikuwa kurudia mfano wa Mei, kwa ukubwa zaidi, na sasa kutoboa vidole kupima sukari.

Tabibu alimsalimia Mama Mwenyekiti, "Shikamoo, mama." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu," na hapohapo, kabla ajenda haijasomwa, mama akaendelea: "Mwanangu, mmetupima mkatuacha. Kama mnakuja tena kututoboa vidole halafu mwende, bora msije. Usiku mtu halali, anawaza namba."

Mwakilishi wa shirika alijitetea kwamba matibabu ni kazi ya serikali, wao ni wahamasishaji. Mganga mfawidhi naye akasema hakuwahi kushirikishwa kwenye mpango wa rufaa. Alialikwa tu kuleta wahudumu na mashine. Wote wawili walikuwa na haki. Na ndiyo kusema hapakuwa na mtu yeyote aliyekabidhiwa wale mia moja.

Uamuzi na sababu zake

Kamati ilikubaliana kutoongeza mtu mpya hata mmoja mpaka waliopewa karatasi za njano wapatikane. Shirika halikufurahia, maana kufuatilia watu walewale hakuongezi "waliofikiwa". Lakini hoja ya maadili ilishinda: kumwambia mtu ana ugonjwa ni kujifunga naye.

Kuwapata kulikuwa na mtihani wake, kwa kuwa orodha ya Mei haikuwa na namba za simu. Ilikuwa na majina kama "Mama Neema, ndizi". Wahudumu walikwenda kwa vikundi vya VICOBA (vya kuweka na kukopa) na upatu vya sokoni, ambako kila mwanachama anajulikana kwa jina, kizimba na simu. Viongozi wa vikundi hawakuonyeshwa namba za presha za mtu. Waliombwa tu wapitishe ujumbe kwamba aliyepimwa Mei na kupewa karatasi anaitwa kurudiwa kipimo bure. Suala la siri lilijadiliwa kwa kirefu, na nashukuru lilijadiliwa, kwa sababu katika vikundi vya kukopeshana habari kwamba fulani ni mgonjwa inaweza kumnyima mkopo.

Kipimo cha marudio kilifanyika ndani ya ofisi ya soko, asubuhi na mapema kabla biashara haijachanganya, siku isiyo ya gulio. Viti vyenye egemeo, meza ya kulazia mkono, sweta imevuliwa, mkanda mkubwa umeazimwa kutoka kituoni, vipimo viwili kwa kila mtu. Aliyekutwa juu alitangaziwa kwa faragha na kuandikishwa papo hapo katika rejista ya kituo, akaondoka na kadi ya kliniki yenye tarehe.

Siku ya kliniki nayo ikahamishwa. Mganga mfawidhi aliibadilisha kwa majaribio, akaongeza muda wa asubuhi kwa ajili ya wanaokuja kuchukua dawa tu. Alitaka kusaidia tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza.

Kuhusu dawa, shirika lilikuwa tayari kununua akiba ya amlodipine, dawa ya kushusha presha, kwa hela za turubai la Novemba. Mfawidhi akalikataa hilo kwa sababu ambayo wahamasishaji wengi hawaijui. Maombi ya dawa ya kituo kwenda Bohari ya Dawa hujengwa juu ya matumizi yaliyorekodiwa. Dawa ikikosekana dirishani, wagonjwa wananunua nje, rejista inaonyesha matumizi madogo, na maombi yanayofuata yanakuwa madogo vilevile. Akiba ya shirika ingefunika shimo kwa miezi michache na kuliacha palepale. Alichotaka ni wagonjwa waandikishwe rasmi, na dozi walizokosa ziandikwe kama walizokosa, ili maombi yajayo yaakisi hali halisi. Wakakubaliana njia ya kati: shirika linunue kiasi kidogo cha kuvusha kipindi kimoja tu, kipitie dirisha la kituo na kuandikwa kama dawa nyingine zote.

Matokeo

Kati ya wale mia, waliopatikana ni sabini na kitu. Karibu theluthi yao walikutwa na presha ya kawaida katika vipimo vya marudio, wakaelezwa kwa nini Mei namba ilikuwa juu na wakashauriwa wapime tena baada ya muda. Waliobaki waliandikishwa. Kufikia mwisho wa mwaka, zaidi kidogo ya nusu ya walioandikishwa walikuwa bado wanahudhuria na kuchukua dawa.

Si matokeo ya kujivunia sana, ila yanaeleweka vizuri yakiwekwa kando ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008. Watu waliokutwa na presha katika upimaji wa mtaani, wakathibitishwa kwa vipimo vya mara nne na kushauriwa waende kutibiwa, walifuatiliwa mwaka mzima. Takribani theluthi moja tu ndio waliofika kwa mhudumu wa afya hata mara moja, na waliokuwa wakitumia dawa mwisho wa mwaka walikuwa wachache mno. Wale walipewa ushauri mzuri na vipimo sahihi. Hawakuwa na mtu wa kuwashika mkono.

Mangi alianza vizuri, akaacha dawa alipojisikia mzima, kisha akarudishwa na mke wake ambaye sasa ndiye anayemchukulia. Presha yake imeshuka sana ingawa haijafika inapotakiwa.

Siku ya Kisukari ya Novemba ilifanyika bila jukwaa. Walipimwa tu wenye kadi za presha na ndugu zao wa karibu, idadi ambayo kituo kilisema kinaweza kuipokea.

Uchambuzi

Jambo kubwa ninalolipata katika kisa hiki ni kwamba tunaziweka siku zote za afya katika fungu moja wakati haziko sawa. Zipo siku za tendo linaloisha siku hiyohiyo. Siku ya Wachangia Damu, 14 Juni, mtu akijitokeza, akitoa damu na kunywa soda yake, kazi aliyoitiwa imekwisha, na chupa ya damu ipo. Chanjo ni hivyohivyo kwa kiasi kikubwa. Kwa siku za namna hii, umati ni mafanikio. Turubai, muziki na mgeni rasmi vina kazi halali ya kuleta watu wengi.

Presha na kisukari ni kinyume. Tendo la siku hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya safari ya maisha, na kila mtu unayemwongeza kwenye foleni ni mzigo unaoupeleka kwenye kliniki fulani yenye benchi lenye urefu fulani. Umati ukizidi uwezo wa benchi, siku imezalisha watu wenye hofu na wasio na dawa. Hapa idadi ya waliopimwa haifai kuwa kipimo cha mafanikio kabisa. Ningependa wafadhili wadai namba moja tu: kati ya waliothibitishwa, wangapi wako kwenye matibabu miezi sita baadaye?

Nchi hii imewahi kulifanya hili vizuri. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alipopima VVU hadharani kuzindua kampeni ya kitaifa ya upimaji, lilikuwa tukio la jukwaa na kamera kama mengine. Lakini nyuma yake kulikuwa na kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu ya VVU, zilizokuwa zimeanza kutoa dawa miaka michache kabla, zenye kadi, namba ya mgonjwa na watu wa kumfuatilia asipofika. Presha haijapata utaratibu mzito wa namna hiyo, ijapokuwa tangu 2019 tuna mpango wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza. Kinachoweza kuigwa na kamati ya soko ni kidogo na cha bei nafuu: daftari lenye namba ya simu, tarehe ya kurudi, na jina la mtu mmoja anayewajibika.

Kuhusu kipimo kimoja cha haraka, nina msimamo mkali zaidi ya wenzangu. Wao husema kipimo kibovu ni bora kuliko kutopima, kwa sababu angalau kinawagusa watu. Kisa hiki kinaonyesha gharama yake: wale waliokutwa wazima baadaye walibomoa imani ya wagonjwa halisi. Kama muda na mashine haviruhusu kumkalisha mtu dakika tano, basi wapimwe wachache, wenye umri mkubwa au wenye ndugu waliopata kiharusi, na wengine wapewe elimu ya kijiko cha chumvi.

Kilichofanya kazi kilitokana na watu wanaolijua soko. Mama Mwenyekiti alichagua siku, akamshawishi Mangi aende kituoni, akasimamisha kikao. Vikundi vya VICOBA viliwapata watu ambao orodha ya kitaalamu iliwapoteza. Tabibu aliyekataa kidonge chini ya ulimi alifanya kazi yake kwa utulivu mbele ya umati uliotaka miujiza, na hilo ni gumu kuliko linavyosomeka.

Lililokwama ni wanaume vijana. Wapagazi na bodaboda walipimwa Mei kwa wingi, wengine wakapewa karatasi, na karibu wote ndio wale ambao hawakupatikana. Hawana kizimba, wengi hawamo kwenye VICOBA, na wanabadilisha laini za simu kila mara. Kamati imezungumza na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda kuhusu kuweka mashine pale kijiweni jioni, wakati wa kukabidhi hesabu za matajiri, yaani wenye pikipiki. Yeye ameafiki, ila anataka kwanza aambiwe dereva akikutwa na presha ataruhusiwa kuendelea kuendesha au la, na tabibu amepewa kazi ya kuliandaa jibu hilo kwa maandishi kabla mashine haijafika.

Na jukwaa? Diwani ameomba lirudi Mei ijayo. Mfawidhi amemjibu kwamba halina tatizo, mradi idadi ya viti vya kupimia ipangwe na kituo na hotuba zije baada ya upimaji. Wanaendelea kuvutana kuhusu hilo la hotuba.